Mizani ya Kumbukumbu

Nafasi ni mali yenye mpaka, na kila mali yenye mpaka huhitaji mgawaji mwenye haki. Nyumba huijua hali hii wageni wanapozidi vitanda, na kompyuta huijua kila dakika ya kazi yake. Kumbukumbu kuu hujibu upesi lakini ni ndogo. Diski ni kubwa lakini hujibu kwa kukawia. Kati ya upesi wa moja na ukubwa wa nyingine husimama mfumo endeshi, nao ndio uliopewa kazi ya kugawa.

Kazi hii si changa. Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ilizinduliwa mashine iliyoitwa Atlas. Iligawanya kumbukumbu katika kurasa za maneno 512 kila moja, ikazihamisha yenyewe kati ya vipete vidogo vya sumaku na silinda ya sumaku iliyozunguka, ambayo ukubwa wake ulikuwa mara sita ya vipete hivyo. Mtunga programu alipumzika, maana aliona kumbukumbu moja pana badala ya mbili. Lakini raha yake ilikuwa taabu ya mashine, iliyopaswa kuamua ukurasa upi ukae na upi utoke.

Katika Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, kurasa zinazogombea nafasi ni za namna mbili. Za kwanza ni nakala za faili zilizokwisha kusomwa kutoka diskini, ambazo huwekwa akiba ili zikitakiwa tena zisingojewe. Za pili ni kazi ya programu zenyewe, isiyo na asili katika faili yoyote. Nakala ambayo haikubadilishwa yaweza kutupwa bila hasara, maana asili yake ipo. Kazi ya programu sharti kwanza iandikwe katika sehemu ya diski iliyotengwa kwa ubadilishano, ndipo nafasi yake ichukuliwe.

Hapo hukumu ya haraka hudhani kuwa jibu limepatikana: nakala zitolewe daima, na kazi ibaki daima. Wako watu waliofunga kabisa mlango wa ubadilishano kwa imani hiyo. Lakini hata maagizo ya programu inayoendeshwa hutoka katika faili, nayo huhesabiwa miongoni mwa nakala. Kumbukumbu ikibanwa, mashine huyatupa maagizo inayoyahitaji sasa hivi, huyasoma tena na kuyatupa tena, huku ukurasa wa programu iliyolala tangu asubuhi umeketi salama kwa kuwa hauna mlango wa kutokea. Mwaka 1968 Peter Denning aliichambua hali ya kutapatapa kwa mashine: kurasa huingia na kutoka bila kukoma, na kazi haiendi. Dawa iliyokusudiwa kuzuia ukawivu huweza kuuleta.

Kosa la hukumu hiyo ni kuuliza ukurasa ni wa jamaa gani, isiulize nani anauhitaji. Linux ilipewa namba ya kuelekeza mizani, ambayo kwa kawaida ni 60. Mwaka 2020 mpaka wake wa juu ulipandishwa kutoka 100 hadi 200, kwa kukiri kwamba pengine ubadilishano ni rahisi kuliko kusoma faili upya. Namba hiyo, hata hivyo, ni dhana ya awali tu, na dhana yahitaji ushahidi. Tangu mwaka 2014 Linux huacha alama mahali pa ukurasa wa faili uliotolewa. Ukurasa ukirudi upesi, alama hushuhudia kwamba ulitolewa kabla ya wakati wake, nao hupewa ulinzi. Mwaka 2020 ushahidi huo ulienezwa kwa kurasa za pande zote mbili, na mzigo wa kutoa ukaelekezwa zaidi upande ambao marejeo yake yana gharama ndogo.

Kumbukumbu iliyoachwa tupu haimfai mtu, na kumbukumbu iliyojaa haina budi kumtoa mmoja ili mwingine aingie. Haki ya mgawaji, basi, haipimwi kwa kutomtoa yeyote. Hupimwa kwa kumkumbuka aliyetolewa, kumsikiliza arudipo, na kuwa tayari kuibadili hukumu iliyotangulia.