Kabla Hujasaini

Ruiru

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeelewa kwamba pale kiwandani Thika wanataka kukutoa kwenye kibarua wakupe mkataba wa kusimamia upakiaji, zamu ya usiku, nawe unauliza uukubali au uanze masomo ya ufundi umeme.

Kabla sijakujibu, sikiliza kisa hiki. Jirani yetu hapa Ruiru ni kile kituo cha utafiti wa kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni, ambao wakulima wetu huuita CBD, uliozesha kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Watu walinyunyiza dawa msimu baada ya msimu. Gharama iliwalemea, lakini bila dawa wasingevuna. Miaka ya 1970 watafiti wakawa wanatafuta mbegu mpya: walichukua kinga kutoka mibuni ya Rume Sudan na Hibrido de Timor, wakaitia kwenye jamii ya SL28 yenye ladha tuliyoizoea. Mbuni hauzai mwaka unaopandwa, kwa hiyo kila uzao ulikuwa wa kusubiriwa. Mbegu hiyo mpya, Ruiru 11, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985. Muda wote huo shambani dawa iliendelea kunyunyizwa, na kituoni mbegu iliendelea kutafutwa.

Kodi ya nyumba na nauli ndiyo dawa yako ya msimu, wala sikudharau kwa kuihangaikia. Lakini anayenyunyiza tu bila kuotesha kitu atanyunyiza hadi uzeeni.

Umeniambia unataka kuwa mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, uajiri vijana wako. Liandike lengo hilo hivyo hivyo, pamoja na umri utakaokuwa nao. Kisha rudi nyuma: kabla ya leseni kuna vyeti na uzoefu, kabla ya hapo, mtihani wa ufundi wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, Gredi ya Tatu, kabla ya mtihani, mafunzo na karo. Karo hiyo ndiyo lengo la mwaka huu. "Kupata kazi nzuri" si lengo, maana hata ukifika hutajua kama umefika.

Sasa mkataba. Nenda kwanza ofisi za chuo cha Thika Tech, uulize ratiba na karo. Halafu mwulize meneja wako mambo mawili: je, zamu ya usiku haitabadilishwa ghafla, ili mchana uwe darasani? Na je, baadaye unaweza kuhamia idara ya matengenezo, ukawe msaidizi wa mafundi umeme? Akikubali hata jambo moja, kwa maandishi, saini. Akikataa yote mawili, baki kibarua mwaka huu mmoja, hata kama pesa ni kidogo. Najua inauma. Nyongeza ya mshahara inayokula saa zako zote za kusoma ni ghali mno.

Usikope kwenye simu kwa ajili ya karo. Nimezungumza na mama yako, muhula wa kwanza tutaubeba sisi. Nitumie majibu ya meneja kabla ya mwisho wa mwezi.

Mjomba wako