Mieleka Huko Kabazi

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Nyahururu hupita Bahati, kisha njia humshusha katika bonde la Subukia. Jirani na hapo ndipo Kabazi, nchi ya mahindi na kahawa, karibu kabisa na mstari wa Ikweta.

Jioni, ng'ombe wakiisha kurudi, wavulana hushindana mieleka juu ya nyasi. Mkeka hakuna, wala kipenga. Lakini kama ilivyo katika Michezo ya Olimpiki, ambaye mabega yake mawili yamebanwa chini ameshindwa.

Mama mmoja alitua mzigo wake wa kuni akamwona mwanawe wa miaka 12 ameshikwa kiunoni na kijana aliyemzidi kimo. Mguu wake mmoja ulikwisha kuingia uwanjani. Wazee walimtazama; akaurudisha, akauma ncha ya leso. (Kungekuwa ni mbwa, asingengoja ruhusa ya mzee yeyote.)

Mtoto akaanguka chali. Aliponyanyuka, nyasi zimemjaa mgongoni, alitazama huku na huku. Mama alikwisha kugeuka, akifunga upya kamba ya kuni.

"Mama, umeniona?"

"Nimefika sasa hivi, baba. Njoo unitwike."