Kilo 100 Zilizonishinda Unguja

Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja inachukua kama saa mbili, na muda wote huo nilikuwa nampigia mke wangu hesabu za ushindi. Naanza na kilo 90, halafu 100, namaliza na 105. Yeye anaangalia bahari tu.

"Na makalio je?" akauliza.

Nikanuna. Wiki mbili nyuma alinirekodi kwa simu nikipiga benchi jimu ya mtaani kwetu Kinondoni, akaniambia uzito ukizidi najiinua kwenye benchi. Nilimjibu vibaya: mambo ya chuma ayaache kwa wenyewe.

Mashindano yalikuwa uani, si mbali na yale maghorofa marefu ya Michenzani. Joto, watoto juu ya ukuta, na waamuzi watatu wenye bendera nyeupe na nyekundu. Kila mtu ana majaribio matatu, linahesabika lililo bora, na unahitaji bendera nyeupe mbili.

Kilo 90: nikasukuma kabla ya amri. Kumbe chuma lazima kitulie kwanza kifuani! Nyekundu. Nikarudia 90, nyeupe. Nikaomba 100. Chuma kikapanda, mikono ikanyooka, nikapiga kelele kama bingwa wa dunia. Kugeuka, nyekundu mbili. Makalio yalikuwa hewani.

Jioni tukaenda Forodhani. Nilikuwa nasubiri "si nilikwambia", haikuja. Alininunulia juisi ya miwa tu, tukakaa. Mzee mmoja aliyekuwa mwamuzi akapita, akanitambua.

"Mwanangu, nguvu unazo, ila miguu umeiacha kwenu."

Akanielekeza palepale kwenye ukuta wa bustani. Mabega yabane nyuma na chini kabla hujatoa chuma. Nyayo zisogeze mbele kidogo, zikanyage zote. Sukuma sakafu, usisukume kiuno juu. Viwiko visitawanyike. Chuma kishuke chini ya kifua, kitulie, kisha kipande kikirudi kidogo upande wa mabega. Na vidole vya shahada visiachane zaidi ya sentimita 81, ndiyo sheria.

Mke wangu akamwonyesha ile video ya Kinondoni. Mzee akacheka: "Mwenzio kaona zamani!"

Nilimwomba radhi kwenye boti ya kurudi. Ilikuwa nzito kuliko zile kilo 100, msomaji, nakuambia ukweli.

Nyumbani nilishuka hadi kilo 60, nikaanza upya. Baada ya miezi mitatu nilipiga 95 safi, makalio yamegandia benchi. Mia bado, lakini sina haraka. Siku za uzito mkubwa jamaa wawili wa jimu wanasimama kunidaka, na mke wangu anakaa pembeni na simu yake. Wenzi wetu huenda hawajui chuma, ila sisi wanatujua.

Chuma kikitulia kifuani, amri ya "sukuma!" siku hizi anatoa yeye.