Mpera wa Baba

Habari nitakayowaeleza ni ya mti mmoja tu, tena mpera. Lakini ndani yake mna kazi ambayo mtu yeyote aweza kuifanya uani kwake kwa kisu na makumbi ya nazi.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, si mbali na soko. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya namna ya zamani: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Katika ua ule marehemu baba alipanda mpera, matunda yake meupe ndani na matamu sana. Baada ya kufa kwake sisi ndugu tulishauriana, tukakubaliana nyumba ivunjwe mwisho wa Mei, lijengwe ghorofa, kama walivyofanya jirani zetu. Mama hakutupinga. Aliuliza neno moja tu: "Na mti wa baba yenu je?" Kaka yangu akacheka, akasema, "Mama, mapera yamejaa sokoni." Mama akanyamaza, wala hakula jioni ile. Nami nikaona haya.

Kwanza nilifikiri kupanda mbegu. Lakini mzee mmoja auzaye miche kando ya barabara aliponisikia alitikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, mbegu ya pera haina ahadi. Yaweza kukupa mti wa tabia nyingine, nawe utangoja miaka upate kujua. Liotesheni mizizi tawi lenyewe, huko huko juu lilipo." Akanieleza kwamba huku si kubebesha, kama wafanyavyo kwa miembe, kuunga miti miwili. Hapa tawi hutiwa mizizi lingali linanyonya kwa mama yake, kisha ndipo hukatwa. Huko China na India kazi hii ni ya tangu zamani.

Nikaenda nikafanya kwa haraka, mwezi wa Januari, jua kali. Baada ya wiki sita nilifungua, nikakuta makumbi yamekauka, sisimizi wamefanya makao, na gome limeungana tena. Nikamrudia mzee. Akaniuliza, "Ulikwangua?" Nikajibu, "La, baba, nilikata tu." Akasema, "Basi, sikiliza maana yake. Maji hupanda kwa njia ya mti wa ndani. Chakula kitengenezwacho na majani hushuka kwa njia ya gome. Ukiondoa gome, tawi laendelea kupata maji, lakini chakula hukwama juu ya jeraha, na hapo ndipo mizizi huchipuka. Ukibakiza utando ule wenye utelezi, gome hujiunga, chakula kikapita, mizizi isiote."

Masika yalipoanza, mwezi wa Machi, nilichagua matawi matano yenye unene wa kalamu au kuzidi kidogo, si machanga wala si makongwe. Nikaondoa gome kama pete, upana wa sentimeta 3, nikakwangua mpaka utelezi ukaisha. Nikaloweka makumbi yaliyochambuliwa, nikayakamua yasidondoke maji, nikayazungushia jerahani kiasi cha ngumi moja. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilikwisha katazwa tangu Juni 2019. Basi nilikata nailoni iliyofungia godoro, nikaviringisha, nikafunga juu na chini kwa kamba ya mkonge, imara, ili maji ya mvua na sisimizi visiingie.

Kila asubuhi mama alitoka kutazama. Wiki ya saba akaniita kwa sauti: mizizi myeupe ilionekana ndani ya nailoni, katika matawi matatu. Tuliyaacha kidogo, mizizi ikazidi, ikaanza kuwa ya kahawia. Ndipo nilipokata chini ya mizizi, nikapunguza nusu ya majani, nikafungua nailoni bila kuivuruga mizizi, nikapanda katika madebe yaliyotobolewa chini, nikayaweka kivulini. Kaka alichukua moja, akaliweka juani siku ile ile, likafa. Mawili yakashika.

Siku ya kuhama mama alikataa debe lake lipakiwe pamoja na vitanda. Alilipakata mwenyewe mpaka Chanika. Huko uliwekwa ardhini, na mwaka wa pili ukatoa mapera machache. Kaka alikuja kutusalimu, akala moja, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Masika yajayo, nifanyieni na mimi tawi. Safari hii sitaliweka juani."

Basi, ndugu wasomaji, mkomamanga na mlimau nayo hukubali kazi hii; mwembe ni mgumu zaidi. Ikiwa uani kwenu upo mti uliopandwa na mzee wenu, msingoje siku ya kuvunja nyumba. Mimi nilipoteza wiki sita kwa haraka yangu, na kama masika yangalichelewa, ningaliupoteza mti wenyewe.