Kicheko changu ukumbini

Niliwahi kucheka mahali nilipopaswa kusema neno. Ilikuwa katika kongamano la mafundi wa maabara mjini Bukavu. Dada mmoja, aliyemaliza masomo mwaka uleule, alisimama kutueleza namna ya kusoma vema kioo cha damu ili kutambua malaria. Alikuwa amejitayarisha kwa majuma mengi. Alipomaliza, mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye heshima na mwenye uwezo wa kumpa mtu kazi, alishika kipaza sauti akasema kwamba kwa uzuri ule hakuna aliyesikia habari za malaria. Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka.

Jioni, wakati wa chakula, mzee yule alimwomba mara tatu apeleke karatasi zake chumbani kwake, eti wazijadili. Nilikuwa meza moja nao; nikatazama sahani yangu. Siku ya pili kiti cha yule dada kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza.

Mwaka uliofuata niliingizwa katika kamati ya maandalizi, nikapendekeza tuandike kanuni za mwenendo. Mmoja akasema tunaleta mambo ya Wazungu. Mama mmoja wa kamati akamjibu kwamba binti zake hawakungoja Mzungu awafundishe kuumia. Nami nilileta sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006: anayemsumbua mwenzake kwa kuendelea, au kwa kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake, ili apate kwake tendo la ngono, aweza kufungwa mwaka 1 hadi 12. Tena Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, wagusa pia safari za kikazi, mafunzo na hafla. Kwa kipimo hicho, meza ile ya chakula ilikuwa bado mahali pa kazi.

Tuliandika ukurasa mmoja tu. Mwenyekiti azungumzie kazi ya msemaji, si mwili wake. Mtu asiitwe chumbani kwa shughuli za kongamano, baraza ipo. Aliyekataa mara moja asiombwe tena. Atakayevunja kanuni ataondolewa, hata akiwa mgeni wa heshima. Neno hilo la mwisho lilitugharimu jioni mbili za mabishano, maana wageni wa heshima ndio wanaochangia fedha.

Kisha nilimpelekea yule dada ukurasa huo, pamoja na barua ya kumwomba radhi. Juu ya radhi hakusema lolote. Aliuliza tu: «Nani atapokea malalamiko, ikiwa anayelalamikiwa ni wewe?»

Nilikuwa nimeandika jina langu peke yangu, bila kuona ubaya. Tulilifuta, tukaweka ya watu wawili, yule mama na mtu asiye wa kamati, ili anayemwogopa mmoja amwendee mwingine. Namba zao za simu tulizibandika pia ndani ya vyoo, mahali mtu awezapo kuzinakili bila kutazamwa.

Yule dada hakuja. Niliposoma kanuni asubuhi ya kwanza, wanaume wachache wa viti vya nyuma walicheka. Nilingoja wamalize, nikairudia sentensi ile tangu mwanzo.