Kutafuta Mwana

Haja ya mwana ni kongwe kama ndoa yenyewe. Hakuna kabila lisiloijua, wala lugha isiyo na dua ya kumtakia mtu aipate na dhihaka ya kumchoma aikosaye. Kwa Kiswahili mwanamke aliyejaliwa mtoto huitwa mzazi, na asiyejaliwa huitwa mgumba au tasa. Maneno haya ni mafupi kutamka, lakini jeraha lake ni refu. Aghalabu husemwa kama kwamba ugumba ni kosa la mtu mmoja katika mtaa, ilhali mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila sita hukutana na shida ya kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Jambo liwapatalo watu wengi kiasi hiki si aibu ya mtu. Ni sehemu ya ubinadamu.

Alikuwako mwanamke mmoja, mzaliwa wa milima ya Taita, aliyekuwa akifundisha lugha mjini Nairobi. Aliolewa mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 34. Mwaka wa kwanza wa ndoa watu walimwombea. Mwaka wa pili walimwuliza. Mwaka wa tatu walinyamaza, na kimya chao kilikuwa kizito kuliko maswali. Shangazi wa mume alileta dawa za mizizi. Majirani walileta watoto wao awapakate, kwa kuamini kuwa mtoto huita mtoto. Bibi huyu alizinywa dawa, akawapakata watoto, akaenda zake kazini.

Mwaka 2016 mume na mke walikwenda kwa daktari. Vipimo vya mume vilikuwa vyema. Damu ya mke ilipopimwa, na ovari zake zilipotazamwa kwa ultrasaundi, ilionekana kuwa mayai yaliyosalia ni machache mno. Daktari aliwaeleza kwa upole jambo ambalo shule haikuwafundisha. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, kiasi cha milioni moja au mbili. Abalehepo husalia nayo kama laki tatu au nne, na toka hapo hupungua bila ya kuongezwa. Akiba ya wengine huisha kabla ya wakati wake.

“Lakini mji wako wa mimba ni mzima, Bibi,” alisema daktari. “Yai la mwanamke mwingine, likitungishwa kwa mbegu ya mumeo, laweza kukua ndani yako. Katika jambo hili umri wa yai ndio uamuao zaidi, si umri wa tumbo.”

Elimu hiyo haikuwa ngeni tena. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kwa juhudi za Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa Australia na Marekani walizaa watoto waliotokana na mayai ya wanawake wengine. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia ya maabara mwaka 2006. Basi daktari hakuwa akisimulia ndoto.

Hata hivyo, jambo liwezekanalo si lazima liwe jambo jepesi. Usiku ule mume na mke hawakulala.

“Tukikubali, damu yako itakuwamo na yangu haitakuwamo,” mke alisema. “Nitakuwa nyumba ya kupangisha.”

Mume alinyamaza kitambo, kisha akajibu, “Nami naogopa, mke wangu. Naogopa siku utakayomkasirikia mtoto, ukaniambia kwamba ni wako, nikalee peke yangu.”

Hofu mbili zilipokwisha kusemwa zilipungua. Lakini mke alikuwa na huzuni nyingine isiyokuwa na mwenzi. Alikuwa ametumaini kumwona tena marehemu baba yake katika paji la uso la mtoto. Tumaini hilo lilihitaji kuzikwa kabla ya lingine kuzaliwa. Hakuna matanga ya yai lisilokuwako, wala watu hawaji kumpa pole aliyefiwa na sura. Alilia peke yake, akanyamaza peke yake.

Katika miezi iliyofuata alitafuta shauri la dini. Yeye na mumewe walikuwa Waanglikana, lakini alitaka kujua wengine walipima vipi. Alisoma kuwa mwaka 1980 mufti mkuu wa Misri alitoa fatwa iliyoruhusu utungishaji wa nje ya mwili baina ya mume na mke, ikakataza kuingiza yai au mbegu ya mtu wa tatu. Alisoma kuwa Kanisa Katoliki liliikataa njia yenyewe katika waraka wa mwaka 1987, na kuwa nchini Irani Ayatollah Khamenei aliruhusu yai la mtoaji, kwa masharti, mwaka 1999. Alipozipima hukumu hizi aliona kuwa waliokataza na walioruhusu hawakuacha kuuliza swali moja: mtoto ataijuaje nasaba yake? Swali hili lilimkaa moyoni kuliko hukumu zote.

Hospitali iliwapa karatasi moja juu ya mtoaji. Haikuwa na jina wala picha. Ilisema kwamba ana umri wa miaka 24, kwamba kundi lake la damu ni O, kwamba amemaliza shule ya sekondari, ana mtoto mmoja, na hupenda kushona. Bibi aliisoma karatasi hiyo mara nyingi kuliko alivyopata kusoma barua yoyote. Kila alipoisoma aliwaza juu ya binti yule, ambaye angedungwa sindano za homoni kwa siku kumi na zaidi, kisha akalazwa usingizi wa dawa ili mayai yatolewe kwa sindano ndefu. Ovari za baadhi ya watoaji huvimba kwa dawa hizo, na mara chache hatari yake huwa kubwa. Je, ukarimu ndio uliomleta, au ni ada ya shule ya mtoto wake?

Alimwuliza daktari iwapo binti ameelezwa hatari zote, na iwapo atatibiwa bure akiugua. Daktari alijibu kuwa ndivyo, na kwamba ametia sahihi. Bibi hakutosheka. Hati yenye sahihi ni ushahidi wa kukubali. Si ushahidi wa hiari. Lakini hakuwa na njia ya kujua zaidi, wala hakuwa na nguvu ya kuacha. Aliandika barua ya shukrani isiyo na jina, akaomba ipelekwe kwa binti. Kisha wakauza kiwanja walichokuwa wamekiweka kwa kujenga nyumba, wakalipa.

Yalipatikana mayai tisa. Sita yalitunga, na viinitete vitatu vilifika siku ya tano vikiwa vizima. Mke alimeza vidonge vya kuutayarisha mji wa mimba, na kiinitete kimoja kikawekwa kwa mrija mwembamba. Viwili vilihifadhiwa katika baridi kali. Siku zilizofuata alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Siku ya kupimwa damu jibu lilikuwa hapana. Mchana wa siku hiyo alisimama mbele ya wanafunzi, akafundisha ngeli za majina kama kawaida. Wengi waishikao njia hii hurudi mikono mitupu, na baadhi yao hawana kiwanja cha pili cha kuuza.

Kiinitete cha pili kilishika. Mimba ilipotimiza miezi minne, Bibi alipanda gari kwenda Taita kumweleza mama yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono.

“Mwanangu, tumbo halina dirisha,” alisema. “Nani atajua? Usimwambie mtu, wala mtoto usimwambie. Wakumbuka mwaka wa njaa tulipoazima mbegu kwa jirani? Mahindi yalipoota shambani mwetu hatukuyaita ya jirani. Yalikuwa yetu.”

“Ni kweli, Mama,” binti alijibu. “Yalikuwa yetu, na kila mtu alijua mbegu ilikotoka. Hatukuificha, wala hatukuona haya. Wewe mwenyewe ulinituma nimpelekee jirani kikapu cha kwanza.”

Mama hakujibu. Aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuja na uji.

Neno la mama halikuwa la kipuuzi. Siri humlinda mtoto na ndimi za watu, na ndimi za watu ni kali. Lakini siri hukaa ndani ya nyumba pamoja na mtoto, naye huihisi kabla ya kuijua. Uingereza ilibadili sheria yake mwaka 2005: mtoto aliyetokana na yai au mbegu iliyotolewa baada ya hapo anaweza, afikapo miaka 18, kuomba kumjua mtoaji. Bibi hakuwa na jina la kumpa mtoto wake. Alikuwa na karatasi moja tu, akaiweka mahali salama pamoja na cheti cha ndoa.

Mtoto wa kike alizaliwa mwaka 2018. Hana paji la uso la babu yake, lakini hukohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito, kama afanyavyo mama yake. Alipokuwa na miaka minne aliambiwa kwa maneno machache: mama alikosa yai, mwanamke mmoja akatoa lake, likaungana na mbegu ya baba, naye akakua ndani ya mama mpaka akazaliwa.

Mtoto alifikiri, akakohoa, akauliza, “Mlimwambia asante?”

“Tulimwandikia barua.”

“Akaisoma?”

Mama hakujua, akamwambia kuwa hajui. Mtoto aliridhika, akarudi kwenye mchezo wake. Wahenga walisema kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na katika kazi za kulea hiyo ni mojawapo, kumpa mtoto ukweli wote ulio nao, na kukiri mahali unapokoma.