Watoto Waliokua na Ndama

Vitabu vinaikumbuka Kongwa kwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapo mradi mkubwa wa kilimo cha karanga, wakaleta matrekta, wakajenga hata reli ya kutoka Msagali, na kufikia 1951 walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa, maana udongo wa Kongwa ukikauka hauingiliki na mvua ya Ugogo haina ahadi. Wengine wanaikumbuka kwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, waliopewa kambi hapo tangu 1964. Mimi naikumbuka kwa ng'ombe walioirithi ardhi ile baada ya karanga kushindikana, na kwa wanangu, waliojifunza kutembea wakishikilia mbao za zizi la ndama.

Tulihamia ranchi ya Kongwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mume wangu alipopangiwa kazi na Kampuni ya Ranchi za Taifa, ile NARCO. Alikuwa bwana mifugo kijana. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Tulipewa nyumba katika safu ya nyumba za wafanyakazi: vyumba viwili, sakafu ya saruji, bati juu, jiko la nje. Hatua chache kutoka mlangoni kwangu palikuwa na zizi la ndama, nyuma yake kibanio cha kuchanjia na kupigia chapa, kisha senyenge, kisha majani mpaka jicho lichoke. Nikiwa jikoni nilimwona mume wangu akifanya kazi, na watoto walimwona. Wakati ule sikulitia maanani. Nilidhani watu wote wanaishi hivyo. Leo nina wajukuu wanaolelewa Dodoma mjini, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mengine yote.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu, madukani hakuna sukari, hakuna sabuni, khanga ikija inapangiwa foleni. Lakini maziwa tulikuwa nayo. Ng'ombe wa ranchi walikuwa wa nyama, Boran wengi wao, na maziwa ya ng'ombe wa nyama ni haki ya ndama. Ila palikuwa na kundi dogo la kukamwa kwa ajili yetu wafanyakazi, na alfajiri kila nyumba ilipata kipimo chake. Uji wa uwele uliopikwa kwa maziwa haukumbuki sukari. Jirani yangu mmoja, mama wa Kimasai, alinifundisha kusafisha kibuyu kwa kijinga cha moto ili maziwa yakae na yapate harufu nzuri. Mume wangu hakuwa na neno na kibuyu, lakini kwa jambo moja alikuwa mkali: maziwa yasiguswe kabla hayajachemka. Alikuwa akiona ng'ombe wanaotupa mimba, na alijua ugonjwa ule ukimwingia mtu huja kama homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, na wengi huudhania malaria. Watoto wa nyumba yetu walijua kusema "yamechemka?" kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi.

Kila msimu wa kuzaa walikufa mama wawili watatu, na ndama yatima waliletwa nyumbani kwetu. Kumnywesha ndama yatima ni kazi inayohitaji subira kuliko nguvu, ndiyo maana iliwaangukia watoto. Ndama mchanga hajui ndoo. Anatafuta ziwa juu, kichwa kimeinuka, na wewe unataka anywe chini. Basi unachovya vidole viwili katika maziwa ya uvuguvugu, unampa anyonye, halafu polepole unaushusha mkono mpaka vidole vizame ndooni naye anavifuata, anavuta maziwa bila kujua kwamba ziwa halipo. Ukitoa vidole mapema anakohoa na kuipiga ndoo teke. Ukichelewa kuvitoa, hatajifunza kamwe kunywa mwenyewe. Binti yangu wa kwanza alikuwa hajaanza shule alipoimudu kazi hiyo. Nilimtazama kutoka jikoni, amechuchumaa, mkono umezama hadi kwenye kifundo, uso umekunjamana kwa makini, akimwambia ndama, "Taratibu, taratibu," kwa sauti yangu mimi ninayotumia kumlisha mdogo wake. Ulimi wa ndama unakwaruza, na juu mbele hana meno, ni ufizi mtupu. Binti yangu aliyajua hayo kwa vidole vyake. Mzee aliyesimamia zizi, Mgogo wa maneno machache, hakumsifu hata mara moja. Alipomaliza mzee alimpa ndoo nyingine.

Lakini siku ambazo sitazisahau ni za kuwaachisha ndama ziwa. Ndama wa ng'ombe wa nyama hukaa na mama yake miezi saba au minane, kisha wanatenganishwa: ndama zizini, mama nje ya senyenge ya malisho ya mbali. Mama hawaendi mbali. Wanarudi, wanasimama kwenye senyenge, wanalia. Ndama wanajibu. Kelele hiyo haikomi usiku wala mchana, siku tatu, nne, mpaka sauti zinawakauka. Mwaka mmoja iliangukia wiki ileile niliyokuwa namwachisha mwanangu wa pili. Nilikuwa nimejipaka shubiri. Naye alilia, na nje walilia mia mbili na zaidi, na mimi maziwa yamejaa kifuani yanauma, nimekaa kitandani gizani nikisikiliza mama wenzangu kwenye senyenge. Binti yangu mkubwa aliamka akauliza, "Mama, nao wamepakwa shubiri?" Baba yake akatoka naye nje na taa ya chemli, akamwonyesha ndama waliokuwa wameshaanza kula majani na pumba kwenye hori. Akamweleza kwamba mama zao wana ndama wengine tumboni, na wakiendelea kunyonywa watakonda kabla ya kiangazi. Binti aliporudi kitandani alimweleza mdogo wake mambo hayohayo, naye hakuelewa neno, lakini akanyamaza.

Hakuna mhadhara ambao ningeweza kuwapa watoto wale kuhusu uchungu wa kuachana ukazidi wiki ile. Hata mimi ilinifunza.

Sipendi kuwaficha wasomaji upande wa pili. Koboko waliingia hadi darini. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Novemba, moto ulikuwa hofu ya kila siku. Gurudumu la chuma lililoning'inizwa karakana likigongwa, wanaume wote hukimbilia njia za moto na matawi mabichi, na sisi kina mama tunawakusanya watoto kwenye uwanja mtupu tukisubiri kuona upepo unageukia wapi. Siku ya josho nilikuwa mkali mpaka nikachukiwa. Dawa za kuua kupe za wakati ule zilikuwa kali, na ng'ombe akiruka ndani ya josho hurusha maji umbali mkubwa. Watoto walitaka kusimama pale pale ng'ombe wanapotumbukia, kwa kuwa hakuna kitu kinachopendeza kwa mtoto kama dume zima kupotelea majini na kuibuka limetoa macho. Niliwachorea mstari wa chokaa chini, asipite mtu. Pia nilipiga marufuku madumu ya dawa kuoshwa na kutekewa maji, jambo lililofanywa na nyumba nyingi kwa kuwa ndoo hazikupatikana.

Zahanati ilikuwa mbali kwa miguu ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Siku za kliniki tulipanda lori la ranchi, lilelile lililobeba pumba, mbeleko mgongoni na kadi mkononi. Watoto walipimwa kwenye mizani ya kuning'iniza, wakapata chanjo ya surua na polio, na wiki hiyohiyo huenda ndama nao walipitishwa kwenye mizani yao na kuchanjwa. Mume wangu aliandika uzito wa ndama kwenye daftari kubwa la kijani, na mwanangu wa pili akadai naye aandikwe humo. Aliandikwa. Kwa kuwa alikuwa mwembamba, baba yake alimwambia mtamba fulani amemshinda, na mtoto akaomba uji zaidi.

Na michezo yao! Walichimba mfereji mfupi mchangani, wakaujaza maji, wakapitisha vigunzi vya mahindi kimoja kimoja. Hivyo vilikuwa ng'ombe wakiogeshwa. Mmoja alihesabu, mmoja aliandika kwa kijiti, mmoja alikuwa kigunzi kigonjwa kilichotengwa. Waliita kazi, si mchezo. Ukiwauliza mnafanya nini watakujibu, "Tuko kazini, mama, usipite hapo." Na kweli, ulichokiona kilikuwa siku nzima ya baba yao, tangu kuhesabu asubuhi mpaka kufunga lango, na hakuna sehemu waliyoikosea.

Mambo mengi yamebadilika na kuwa mema, na nayashangilia. Sotoka, ambayo wazazi wetu wafugaji waliitaja kwa kunong'ona, dunia ilitangaza mwaka 2011 kwamba imetoweka. Ndigana kali ina chanjo. Ng'ombe wana hereni zenye namba, na nyumba za wafanyakazi wengi zina umeme. Miaka ya 2000 sehemu za ranchi nyingi za taifa zilikatwa vitalu na kukodishwa kwa wafugaji. Kongwa imebaki chini ya NARCO, na ukifika utaona Boran bado wanatandaa kwenye majani yale baada ya mvua za Januari.

Watoto ndio huwaoni. Nilikwenda kutembea huko baada ya miaka mingi, nikapita kwenye safu yetu ya nyumba. Mlango baada ya mlango ni vijana wa kiume peke yao, jiko moja la mkaa, godoro moja, simu inachajiwa. Wake zao na watoto wako Kibaigwa au Dodoma, karibu na shule nzuri na hospitali, na baba anakwenda mwisho wa mwezi. Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa na uwezo huo usiku ule mwanangu alipowaka homa na lori limeharibika, ningewahamisha wanangu asubuhi yake.

Lakini nalia moyoni kwa jambo ambalo naliona kwa wajukuu zangu. Mwanangu wa pili, yule wa daftari la kijani, sasa anafanya kazi ofisini mjini. Ni baba mwema, anajituma. Anaondoka wanawe hawajaamka na kurudi wameshalala nusu. Maziwa yanatoka kwenye pakiti, na hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni mchezo niliouona sebuleni kwake. Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa akicheza "kazini". Alichukua mkoba wa baba yake, akamuaga kila mtu kwa kumpa mkono, akatoka, akafunga mlango. Nikasubiri. Hakurudi. Nilipofungua nikamkuta amesimama nyuma ya mlango na mkoba wake, kimya.

"Unafanya nini, mume wangu?" nikamuuliza, maana ndivyo ninavyomwita.

"Niko kazini, bibi."

"Kazini mnafanya nini?"

Akafikiri. "Tunakaa."

Nilimweleza mwanangu jioni. Alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu, akasema, "Mama, hata ningempeleka ofisini angeona nini? Ataniona nimekaa." Ni kweli. Kazi ya siku hizi imejificha ndani ya mashine, na mtoto hana vidole vya kuichovya. Baba anaweza kuchoka kuliko baba wa ranchi na mtoto asijue amechokea wapi. Ndipo mtoto anapoona kazi ni mlango unaofungwa tu.

Siku ile niliyotembelea ranchi, kijana mmoja wa zamu ya ndama alinisalimia, "Shikamoo bibi." Nikamwitikia, tukaongea. Ana mtoto wa kike wa miaka mitano, yuko Kibaigwa na mama yake. Akaniuliza kama ni salama kumleta likizo, na kama mtoto wa umri huo anaweza kufanya lolote pale au atakuwa wa kuzuiwa tu tangu asubuhi hadi jioni. Nikamwambia siku ya josho amfungie ndani na asimwonee huruma kwa kulia kwake, maziwa yachemshwe, viatu asivivue kwenye majani. Kisha nikamuuliza kama mwaka huu ana ndama yatima. Akasema anao wawili, mmoja mkaidi, hataki ndoo. Nikamwambia huyo mkaidi ndiye amwachie binti yake, nikakunja mkono wa gauni nikamwonyesha vidole vinavyoingia na wakati wa kuvitoa.